Askari wa Shaba na Wapagazi Wasio na Jina



Mtu wa Kidete akifika Dar es Salaam haendi kutembea. Ana shughuli Kariakoo, au ana mgonjwa hospitali, au anafuatilia karatasi fulani ofisini, kisha anawahi kurudi. Hata hivyo wengi wetu tumewahi kupita Mtaa wa Samora, tukaona kiwanja kidogo cha mviringo, magari yakikizunguka, na katikati yake, juu ya jiwe, askari wa shaba. Ameinama kidogo kama mtu anayevizia. Mikono imeshika bunduki, na singe yake imeelekea upande wa bandari. Ukimwambia mtu wa mjini, "Tuonane pale Askari," hakuulizi askari yupi.

Ningependa tukitazame kiwanja kile kwa makini. Si kwa sababu ni kizuri mno. Wapo watakaosema ni kidogo hata kuitwa kiwanja cha jiji. Ni kwa sababu kinatuletea swali gumu, ambalo sisi wa bonde hili la Mkondoa linatuhusu kuliko tunavyodhani. Mtu aliyekufa akiwa amebebeshwa mzigo usio wake, anadaiwa nini kwa walio hai? Na je, sanamu yaweza kulilipa deni hilo?

Kwanza tupate habari za mahali penyewe. Kabla ya vita ya 1914 Wajerumani walikuwa wamesimamisha mjini Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, mkuu wa jeshi lililowashinda watu wa pwani katika vita vya Abushiri mwaka 1889, ambaye baadaye alikuwa Gavana. Katika sanamu ile Wissmann alisimama juu. Chini yake palikuwa na askari Mwafrika akimwinulia uso, na simba aliyekufa, na bendera ikimfunika simba huyo. Haikuhitaji kuelezwa. Hata asiyejua kusoma aliona nani yuko juu na nani yuko chini.

Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza waliingia mjini, na sanamu hiyo ikaondolewa ikapelekwa Uingereza. Baadaye ilirudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg mbele ya chuo kikuu. Huko nako haikukaa kwa amani, kwa maana wanafunzi wa chuo hicho waliiangusha mwaka 1967, ikainuliwa, wakaiangusha tena mwaka 1968. Basi hata shaba ina safari zake.

Mwaka 1927 ndipo Waingereza walipoizindua sanamu tunayoiona leo, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Tuseme haki: yalikuwa ni mabadiliko makubwa. Yule Mwafrika aliyekuwa miguuni pa mtu mwingine sasa alikuwa juu peke yake, na hapakuwa na Mzungu wa kumtazama. Katika miaka ile hilo halikuwa jambo dogo.

Mazingira yake yamegeuka mara nyingi tangu hapo. Mtaa ulioitwa Acacia Avenue ulikuja kuitwa Independence Avenue baada ya Uhuru, na sasa ni Samora. Hoteli ya Kijerumani iliyoitwa Kaiserhof ilipewa jina la New Africa, na jengo la leo si lile la zamani. Miti imepungua, maghorofa ya mabenki na ya mifuko ya pensheni yameongezeka, na jua la asubuhi huchelewa kumfikia askari wetu kwa sababu ya vivuli vya majengo. Yeye hajasogea. Kila serikali iliyokuja ilimkuta na ikamwacha, na nadhani ilifanya vema, maana watu walikwisha kumfanya wao.

Lakini yeye ni nani hasa? Mavazi yake ni ya King's African Rifles, jeshi la Waingereza. Wengi wa askari wa jeshi lile walitoka Nyasa, Kenya na Uganda. Vijana wengi wa nchi hii walioshika bunduki katika vita ile walikuwa upande wa pili, kwa Wajerumani. Kwa hiyo mji wetu mkuu wa zamani umemweka katikati yake askari wa jeshi lililokuja kuuteka. Silisemi hili kwa kumdharau. Alikufa kweli, na mama yake alilia kweli. Nasema tu kwamba sanamu huchaguliwa na aliyeshinda, naye huchagua mtu aliyemfaa.

Sasa tuondoke pale Askari, twende magharibi kwa miguu. Tutavuka mitaa ya maduka iliyoitwa Uhindini, kisha tutafika Mnazi Mmoja. Wakoloni waliuacha uwanja ule wazi kwa makusudi, ili makazi ya Waafrika yatengwe na makazi ya wengine. (Leo upo pale mnara wa Mwenge wa Uhuru, nami naona palichaguliwa vizuri.) Ng'ambo ya Mnazi Mmoja ndipo Kariakoo ilipo.

Wengi hulitamka jina hilo kila siku bila kujua lilikotoka. Waingereza walipouteka mji waliifanya sehemu ile kambi ya kikosi chao cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ililainisha maneno hayo yakawa Kariakoo. Nairobi nako lipo soko linaloitwa Kariokor, na asili yake ni hiyo hiyo. Nyasa walikuwa na neno lao, tengatenga.

Hapa ndipo historia ya mji inapopanda treni kuja kwetu. Kabla ya reli, njia ya misafara kutoka pwani kwenda Mpwapwa na Unyamwezi ilifuata bonde hili la Mkondoa. Kazi ya kubeba haikuwa aibu. Mnyamwezi aliyefika pwani na mzigo wake kichwani alirudi kwao akihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Alipatana ujira, aligoma akidhulumiwa, na akichoka na bwana mmoja alitafuta mwingine. Kisha Wajerumani walileta reli, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na mtu angedhani kwamba mzigo wa kichwani umekwisha.

Vita ikaurudisha, na safari hii kwa kamba. Agosti 1916 jeshi la Jenerali van Deventer lilishuka kutoka Dodoma na Mpwapwa kuelekea Kilosa, likifuata reli kupitia huku kwetu. Wajerumani waliporudi nyuma walivunja madaraja. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliokuja na jeshi walikufa kwa maelfu kwa sababu ya mbung'o. Ikabaki shingo ya mtu. Kila risasi, kila gunia la unga, kila kitanda cha afisa mgonjwa, vilipita njiani juu ya kichwa cha mtu ambaye mara nyingi hakuulizwa kama anataka. Pande zote mbili zilifanya hivyo. Waingereza waliandika watu katika vitabu, ijapokuwa si wote. Wajerumani walichukua mara nyingi bila kuandika hata kidogo.

Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliotumiwa na Waingereza na wenzao katika vita ile, hadi Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Novemba 1918, walikaribia milioni moja, na kwamba waliokufa si chini ya laki moja. Wachache walipigwa risasi. Wengi walikufa kwa kuhara, kwa nimonia na kwa malaria. Watu waliozoea wali au ndizi walipewa unga wa mahindi, pasipo muda wala kuni za kuupika ukaiva, na matumbo yao yakaharibika. Walilala nje katika mvua za masika. Mshahara wa wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao kamwe, ulibaki katika hazina ya serikali. Na kule walikotolewa mashamba yalibaki bila mikono, chakula kikachukuliwa na majeshi, na katika Ugogo, majirani zetu, ikafuata njaa kubwa ambayo wazee wa huko huiita Mtunya. Haikuuliza nani ni Mwingereza na nani ni Mjerumani.

Turudi sasa kwa askari wa shaba. Chini yake pana maandishi kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, Kiswahili kikiwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, mshairi Mwingereza, ambaye mwanawe wa pekee alikufa katika vita hiyo hiyo huko Ufaransa. Maandishi hayo hayakuwasahau wapagazi. Yanawataja kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanaahidi pia kwamba afaye kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake.

Sijui kama Kipling aliona ugumu wa ahadi yake. Jina lipi? Hakuna hata jina moja katika jiwe lile. Na nchi ipi? Mpagazi wa Usagara aliyekamatwa akitoka shambani alikuwa akifa kwa ajili ya nchi ya nani?

Nairobi walijaribu kidogo zaidi. Sanamu zao, zilizozinduliwa mwaka 1928, ni tatu, na mmoja wa watatu hao ni mpagazi. Dar es Salaam mpagazi ana maandishi tu. Wako watakaosema: basi tumchonge na yeye, tumweke kando ya askari, tumalize maneno. Ni shauri jema, nami nisingelipinga, ila sidhani kwamba litamaliza maneno.

Nieleze kwa nini. Yako mambo mawili ambayo hutuchanganya tunaposema juu ya wafu, nayo ni sifa na deni. Sifa yaweza kupewa mmoja kwa niaba ya wengi. Mwalimu mmoja akipewa zawadi katika sikukuu, walimu wote hupokea heshima, na hakuna aliyedhulumiwa. Deni halina tabia hiyo. Ikiwa sisi watu kumi tunakudai shilingi mia mia, nawe ukamlipa mmoja wetu mia tano, ukampigia na ngoma, sisi tisa bado tunakudai. Sanamu ni sifa. Askari wa shaba hana jina, wala si mtu fulani, ni mwakilishi. Na mpagazi wa shaba angekuwa hivyo hivyo. Lakini wale laki moja hawakuwa wakidai sifa. Walichukuliwa mmoja mmoja, kila mmoja kutoka mlango wake, na kila mmoja alikuwa na jina aliloitwa na mama yake. Kilichochukuliwa kwa mtu mmoja mmoja, kwa haki hurudishwa kwa mtu mmoja mmoja.

Mtu anaweza kunijibu, tena kwa hoja yenye nguvu, kwamba wapagazi wamepata kitu bora kuliko sanamu. Askari amepata kiwanja ambako hakuna anayekaa. Wapagazi wamepata soko, watu wanakula kwa sababu yake, na jina lao linatajwa na kondakta wa daladala mchana kutwa. Serikali ya Uhuru ililijenga upya soko lile katika miaka ya 1970 kwa mchoro wa Beda Amuli, mwana wa nchi hii, mwenye paa zile kama miavuli iliyogeuzwa juu chini. Lilipoungua Julai 2021, nchi nzima ilishtuka. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024 na kuua watu, tuliomboleza hata sisi tusio na duka pale. Nani aliwahi kulia kwa ajili ya sanamu?

Hoja hii naipenda, na kwa sehemu naikubali. Tena ukisimama Kariakoo utawaona vijana na magunia kichwani na mikokoteni, wakipiga kelele wapishwe njia, na utasema kikosi bado kipo. Tofauti ni kwamba hawa wanapatana bei. Ila jina linalotajwa bila kujulikana maana yake ni kama bahasha iliyofika salama, barua yake ikiwa imepotea njiani. Tena halikutolewa na mtu yeyote kwa nia ya kukumbuka. Lilibaki kwa bahati tu.

Ni nani basi aliyekuwa na nia, na alinuia nini? Mwaka 1917 Waingereza waliunda tume ya makaburi ya vita, nayo iliweka kanuni njema sana: kila aliyekufa aandikwe kwa jina lake, bila kubagua cheo, taifa wala dini. Ukienda kwenye makaburi ya vita pale Morogoro utaona kanuni hiyo ilivyotimizwa kwa mawe yaliyopangwa safu. Lakini kwa wapagazi haikutimizwa. Wakubwa wa serikali ya Tanganyika wa wakati ule waliona heri makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudie pori upesi. Haikuwa kusahau. Mtu husahau asipokusudia, hawa walikusudia. Aprili 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

Kanisa letu nalo lina sehemu yake katika habari hii. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, mwaka 1916, alikusanya kikosi cha wapagazi wa Zanzibar akaenda nacho bara, akitembea pamoja nao, akiwa na cheo cha meja. Tusimtakase haraka. Ndiye aliyewaita watu waende kubeba katika vita ya wafalme wa Ulaya, na kwa kinywa cha Askofu wito huo ulikuwa na uzito kuliko wa Bwana Shauri. Walakini hakuwatuma akabaki nyumbani. Na vita ilipokwisha, mwaka 1920, aliandika kijitabu kikali kupinga Waafrika kulazimishwa kazi katika Kenya. Naona vigumu kuamini kwamba mtu angeandika vile kama hakuwahi kuitazama ile mizigo kwa karibu.

Nimekuwa nikimfikiria pia mpagazi mwingine, ambaye habari zake tunazisoma kila Ijumaa Kuu, labda bila kumwona kuwa ni mpagazi. Simoni Mkirene alikuwa anatoka shamba. Hakujitolea, askari walimkamata wakamtwika. Ndivyo walivyokamatwa na watu wetu. Lakini Marko hakuandika kwamba mtu fulani mpita njia alibeba msalaba. Aliandika jina lake, akaandika na mji wake, kisha akaongeza kwamba alikuwa baba yao Iskanda na Rufo. Kwa nini kuongeza majina ya watoto? Ni dhahiri kwamba wasomaji wake wa kwanza waliwajua watoto hao. Palikuwa na watu waliouliza, naye mwandishi aliona wana haki ya kujibiwa. Hiyo, kwangu, ndiyo tofauti kati ya sifa na deni. Simoni hakuchongewa sanamu, bali aliandikwa jina lake, pamoja na jamaa aliowaacha.

Najua jibu la mwisho la mwenye kukata tamaa: majina yamekwisha potea, vitabu vimeoza au havikuandikwa. Kwa wengi ni kweli. Kwa wengine si kweli. Huko Cape Town, Januari 2025, palifunguliwa ukumbusho wa Waafrika waliotumikia vita ile bila silaha: nguzo za mti, moja kwa kila mtu, kila moja na jina, zaidi ya 1,700. Majina hayo yalitafutwa katika karatasi za zamani baada ya miaka mia moja. Kwetu karatasi ni chache, lakini wajukuu wapo. Mtu wa miaka themanini leo, babu yake alikuwa kijana mwaka 1916. Jina la babu huyo analijua, maana pengine ndilo aliloitwa yeye mwenyewe. Huenda anajua pia kwamba babu alichukuliwa pale stesheni au njiani kwenda Kilosa, au kwamba alikuwa na ndugu aliyechukuliwa naye ambaye hakurudi, ndiyo maana shamba lile liligawanywa vile.

Hayo hayahitaji shaba. Yanahitaji daftari moja la kurasa mia na mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Aliyechukuliwa aliitwa nani, wa kijiji gani, mwana wa nani, alichukuliwa na Wajerumani au na Waingereza, alirudi au hakurudi, aliacha nani. Asiyejua yote atoe analojua. Hata jina peke yake linatosha kuanzia mstari. Wazee wetu wa Ukaguru na Usagara hawapendi kuandika juu ya magoti mbele ya mgeni, kwa hiyo ni afadhali waendewe nyumbani na wajukuu wao wenyewe, jioni, wakiwa wamekwisha kula, na waachwe waseme kwa Kikaguru kama ndivyo habari inavyotoka vizuri. Daftari likae pamoja na vitabu vya ubatizo na vya mazishi vya parishi, kabati lile lile.